Ile Saa Kati ya Baba na Mama

Nyumbani kwetu Bunia kulikuwa na saa mbili, na hazikuwahi kupatana. Moja ilikuwa ya ukutani, ya baba, ya mbao, yenye ufunguo ambao yeye peke yake aliuzungusha kila Jumapili tukirudi kanisani. Nyingine ilikuwa ya mkononi, ya mama, ndogo, ya plastiki, aliyoipata Kasenyi katika biashara yake ya samaki. Ya baba ilifuata Bunia. Ya mama ilifuata Kampala, kwa sababu maboti yaliyokuja Kasenyi kutoka ng'ambo ya ziwa yalifuata Kampala, na mwuza samaki anayefika ufukweni baada ya boti huambulia miiba. Kwa hiyo saa ya mama ilitangulia ya baba kwa saa nzima. Mimi, mtoto wao wa pekee, nilikulia katikati.

Kabla ya vita lilikuwa jambo la kuchekesha. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni na kuita, "Baba ya mutoto, njo kula, saa nane imepita!" Baba akajibu bila kuinua macho kwenye vitabu vyake, "Saa nane ya wapi? Hapa bado saa saba." Mama akamwambia basi sombe yake, ile mboga ya majani ya muhogo, ni ya Kampala, ataikuta imepoa. Mwisho walikula sahani moja, wakiendelea kubishana na mdomo umejaa. Majirani walidhani ni ugomvi. Wale wawili hawakujua namna nyingine ya kupendana, na mimi niliielewa kabla sijajua kusoma saa.

Baba alifundisha historia katika shule moja ya sekondari. Alikuwa mtu mrefu, wa koti moja la kahawia, na mkaidi ajabu. Darasani nilikuwa namwita "prof" kama wenzangu wote, na yeye hakuwahi kunitazama zaidi ya wengine, jambo lililoniudhi sana. Alituambia kwamba ukitaka kujua nani ameshinda vita, bendera inaweza kukudanganya, lakini kalenda haidanganyi. Kaisari wa Roma aliupanga mwaka upya, na mwezi mmoja ukabaki na jina lake mpaka leo. Wafaransa walipomkata mfalme wao kichwa waliikata na siku pia, wakataka iwe na masaa kumi, watu wakachanganyikiwa mpaka wakaiacha. Wajerumani walipoingia Paris, saa za mji zilisogezwa zifuate Berlin. Alichora saa hizo ubaoni kwa chaki, duara baada ya duara, na mishale yake ikielekea huku na huku.

Tulicheka. Tuliwaza watu wa Paris wakiamka na kukuta mtu amewaibia saa usiku, kama anavyoibwa kuku. Nje ya dirisha, chini ya mikaratusi, wanajeshi kutoka ng'ambo ya mpaka walikuwa wameegesha gari lao na kuanika soksi zao juu ya ua wa shule.

Walikuwa wameingia mjini na bunduki zao, magari yao, lugha yao ya amri, na saa yao. Hakuna aliyetutangazia kwamba saa imebadilika. Walichotangaza kwa kipaza sauti ni kwamba kuanzia saa kumi na mbili ya jioni haruhusiwi mtu kuonekana barabarani. Lakini saa kumi na mbili yao ilikuwa saa kumi na moja yetu. Jua bado lilikuwa juu ya miti. Wanawake waliotoka mashambani na kuni kichwani walisimamishwa, wakaambiwa wamevunja amri, wakashangaa, wakaangalia jua, kana kwamba jua ndilo lililowadanganya. Baada ya wiki chache mji wote ulikuwa umejifunza. Mwenye nguvu hapendi kueleza. Anakungoja ukosee, basi.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile saa ninayotaka kuisimulia. Ilikuwa kati ya jioni ya wanajeshi na jioni ya Mungu. Milango ilifungwa kote, na nje kulikuwa bado kweupe. Barabara yetu ya vumbi jekundu ilikaa wazi kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila mguu wa mtu, bila pikipiki, bila sauti ya mama yeyote akimwita mtoto. Kuku waliimiliki. Mbuzi mmoja alilala katikati yake kama mzee aliyenunua kiwanja. Vivuli vya mikaratusi vilirefuka polepole, vikavuka mtaro, vikapanda kuta za nyumba za upande wa pili, na mwanga ulikuwa wa dhahabu nyepesi kiasi kwamba nikifumba macho leo bado unanijia. Nilikaa nyuma ya mlango, ulioachwa wazi kidogo tu, na nilihisi kwamba saa hiyo haikuandikwa popote. Wanajeshi walisema imekwisha. Saa ya ukutani ilisema bado haijafika. Kwa hiyo nilijiambia ni yangu.

Ningeipenda kabisa kama baba asingekuwa anarudi nyumbani ndani yake.

Maana baba hakukubali. Wenzake wote walifunga vitabu mapema wakakimbia. Yeye alitoka shuleni kwa saa yake ya siku zote, akavaa koti, akabeba mfuko wake wa madaftari ya wanafunzi, akaja anatembea katikati ya barabara, taratibu, peke yake, katika mji ambao watu wake wote walikuwa nyuma ya milango wakimtazama. Sikuwahi kuona mtu mpweke namna ile, wala mrefu namna ile. Alipotokea kule kwenye kona, mama alikuwa anashika ukuta kwa mkono mmoja, na mkono huo haukuondoka pale mpaka aingie.

"Uko nataka banifanye mujane sababu ya saa?" mama alimwuliza kila jioni.

"Minatembea muchana," baba alijibu, akivua koti. "Hakuna sheria inakataza mutu kutembea muchana."

"Sheria iko ku bunduki yabo!"

"Basi babadilishe na jua pia. Wakibadilisha jua, nitakimbia."

Mama alilia mara nyingine, mara nyingine alirusha kijiko. Mimi nilikuwa upande wa mama kwa akili na upande wa baba kwa moyo, na niliwachukia wote wawili kwa kunigawa.

Jioni moja walimsimamisha mbele ya macho yetu. Askari alikuwa kijana, akitembea na mwenzake, bunduki begani. Alimwita baba kwa kidole. Wakati ule baba alikuwa na saa yake ya mkono pia, ya chuma. Askari akamwuliza ni saa ngapi. Baba akaiangalia kwa makini, kama anayemsaidia mgeni, akasema, "Saa kumi na moja na robo." Yule askari hakukasirika. Aliushika mkono wa baba, akaivuta ile pini ndogo pembeni ya saa, akazungusha mishale mpaka mbele, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati. Kisha akampigapiga begani na kumwacha aende. Baba alifika nyumbani, akakaa kitini, akairudisha mishale nyuma.

Ndivyo tulivyoishi, na nasema ukweli, mtu huzoea. Wakubwa wa mji walibadilika juu ya vichwa vyetu. Leo alikuwa huyu kwenye redio, kesho yule, kila mmoja na kofia yake na hotuba yake, kila mmoja akisema sasa amani imefika. Redio ya Kinshasa nayo ilikuwa na saa yake, ya nyuma kuliko zote, lakini hiyo haikuwa na bunduki kwetu, kwa hiyo hatukuihesabu.

Siku wanajeshi wa ng'ambo walipoondoka, magari yao yalipita kwa muda mrefu na vumbi lao likakaa hewani. Baba aliingia nyumbani akicheka peke yake. Akasimama mbele ya saa ya ukutani, akaigonga kioo kwa ukucha kama anayemwamsha rafiki. "Imerudi," alisema. "Saa imerudi nyumbani." Mama alikuwa anapanga nguo kwenye mfuko. Hakucheka. Biashara ilikuwa imemfundisha kunusa mambo.

Lazima sasa niseme kile ambacho kwetu hatupendi kukisema. Baba alitoka upande wa Djugu, kwa watu wa jembe. Mama alitoka kwa watu wa ng'ombe, na ndugu zake walikaa chini kule, njia ya ziwani. Walipooana, jambo lenyewe halikuwa la ajabu. Walikuwapo wengi kama wao. Vita ndiyo iliyolifanya la ajabu. Wageni walipoondoka, watu wa pande hizi mbili waliugombania mji, mtaa kwa mtaa, na jina la mtu likawa kitu cha kumwua. Ndiyo sababu hata leo, nikiandika, siandiki jina la yeyote. Nilijifunza mapema kukaa bila jina, na sijaona hasara yake.

Sitasimulia siku zile. Nakumbuka tu dari ya chumba, na doa la maji juu yake lenye umbo la Ziwa Albert, maana tulilala chini sakafuni na hapakuwa na kingine cha kutazama. Risasi zilipita juu ya bati. Saa ya ukutani iliendelea kugonga, na kati ya mlio na mlio baba alikuwa anatuambia, kwa sauti ya chini ile ile ya darasani, jinsi wafalme wawili wa zamani walivyomaliza ugomvi wao kwa kula pamoja. Sijui kama ilikuwa kweli. Nililala usingizi katikati ya hadithi, nikaota nimekaa kwenye barabara yetu ya dhahabu pamoja na yule mbuzi.

Mji ulipotulia kidogo, tulikimbilia karibu na uwanja wa ndege, ambako wanajeshi wa kofia za buluu walikuwa wamezungukwa na maelfu ya watu chini ya mahema. Njiani vijana waliofunga barabara kwa bariyeri walimvua baba koti na saa yake ya chuma. Mama alikuwa amebeba kitu kikubwa kimefungwa ndani ya kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, akikikumbatia kama mtoto mgonjwa. Nilidhani ni unga. Tulipofika alifungua, na ilikuwa saa ya ukutani. Aliacha sufuria zake zote nzuri, akabeba saa aliyoigombeza maisha yake yote.

Lakini kambini hapakuwa mahali petu wote. Watu walianza kuulizana nani ni nani, na mama alikuwa anatazamwa. Ndugu zake wangeweza kutupokea Kasenyi na kutuvusha ziwa, ila njia yote ya kushuka kule ilikuwa mikononi mwa watu wa upande wake, na baba asingefika hata bariyeri ya pili. Angebaki pale, kwenye hema. Sisi tungeshuka.

Waliagana wamesimama, bila kushikana, maana watu walikuwa wanatazama. Mama alivua saa yake ya plastiki akamvika baba mkononi, akaikaza mpaka tundu la mwisho. "Ya kwako wamebeba," alisema. Baba alisema nyumba ya mapadri karibu na kambi iko na fonie, ile redio ya kuitana kutoka mji hadi mji, na kwamba ng'ambo ya ziwa parokia nayo inayo. Wakapatana: kila Alhamisi, saa nne asubuhi, kila mmoja atakuwa kwenye fonie ya upande wake. Wasitaje majina, kwa sababu hewani kila mtu anasikia. Baba atauliza, "Saa ya ukutani inatembea?" na mama atajibu, "Inatembea." Basi. Tuliondoka. Nilipogeuka, baba alikuwa ameinua ule mkono wenye saa, akiutazama kama hajui ni wa nani.

Tulivuka ziwa na samaki wakavu na mbuzi za watu. Maji yalikuwa kimya, ukungu umelala juu yake, na milima ya kwetu ilififia mpaka ikawa rangi tu, kisha hata rangi ikaisha. Ng'ambo tulipokewa na dada yake mama, mama yangu mkubwa, katika kijiji cha wavuvi. Mama alipigilia msumari kwenye nguzo ya nyumba akatundika saa ya ukutani, akazungusha ufunguo. Hakuigusa mishale. Watu waliokuja kutusalimu walisema, "Saa yenu imechelewa." Mama aliwajibu, "Haijachelewa. Iko kwake."

Alhamisi ya kwanza mama mkubwa alimwambia awahi, saa nne inakaribia. Mama aliendelea kupasua samaki. "Saa nne ya hapa si yake," alisema. "Ule bwana minamujua. Hata malaika ashuke na saa ya Kampala, atamwambia arudi nayo. Iko ngoja saa nne ya Bunia." Nami nilikubali, na yeyote aliyemjua baba angekubali. Mama akasahau kwamba ile saa ya plastiki ilikuwa kwenye mkono wa baba? Hapana, alikumbuka. "Aliibadilisha kabla siye hatujapita hata ile hema ya mwisho," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Bunia nilimwona akitabasamu.

Kwa hiyo tulikwenda parokiani saa ya ukutani ilipoonyesha saa nne, ambayo kijijini pale ilikuwa saa tano. Kijana mmoja alikuwa kwenye fonie. Chumba kilijaa watu, na mashine ilinguruma kama mvua juu ya mabati, na ndani ya mvua hiyo sauti za mbali ziliita. Mjomba, kahawa imefika? Ule wa mguu mubaya amepona? Kila mtu alikuwa na swali lake la kuficha jina. Tulingoja mpaka mashine ilipozimwa. Hakuna aliyeuliza saa.

Alhamisi iliyofuata pia. Na iliyofuata. Mama alimwuliza yule kijana kama hakusikia mwanaume mmoja, sauti nzito. "Wanaume wengi wanaita, mama," alisema. "Wengi hakuna anayewaitikia."

Habari za kambi zilikuja kwa vipande, na kila kipande kilikuwa kibaya. Mama alianza kuamka kabla ya kila mtu na kukaa mbele ya saa ya ukutani bila kufanya kitu. Aliacha kula samaki. Siku moja nilimkuta ameweka sikio lake juu ya mbao yake, akisikiliza, na aliponiona hakuona haya. Nilitaka kumwambia baba yuko hai. Sikusema, maana mimi mwenyewe sikuwa naamini tena, na nilijichukia kwa hilo. Katika ndoto baba alitokea kwenye kona ya barabara yetu na kutembea, na kutembea, na barabara ikawa inarefuka na yeye hafiki.

Mama mkubwa ndiye aliyesema. Alisema kwa upole, akimsukia mama nywele: mtu asiyeliliwa hana mahali pa kukaa, na mjane asiyekaa matanga anabeba maiti mgongoni. Tukae matanga, hata bila mwili. Tumwombee, watu waje, walie, waende, na wewe uishi. Mama alikataa. Kisha akasema, "Alhamisi hii nitaenda mara ya mwisho. Nikirudi, mutandike mikeka."

Asubuhi ya Alhamisi hiyo mama mkubwa alinituma parokiani kuazima sufuria kubwa ya pili ya maharagi ya wageni wa matanga. Nilikwenda mapema, peke yangu. Mwanga ulikuwa mwepesi juu ya ziwa, na kijiji kilikuwa kimekwenda kwenye maboti, na njia ilikuwa tupu, na kuku wakatembea mbele yangu. Niliitambua. Ilikuwa ile saa yangu. Kwa kijiji ilikuwa tayari saa nne. Kwa saa yetu ya ukutani ilikuwa bado. Nilikuwa tena ndani ya muda ambao hakuna mtu wa kwetu aliyeishi ndani yake.

Kwenye chumba cha fonie hakuwapo yule kijana. Alikuwapo sista mzee ambaye sikuwahi kumwona. Zamu yake ilikuwa ya kwanza, na akimaliza alikwenda kwenye dawa zake za wagonjwa. Nilisimama dirishani na sufuria kichwani, bila sababu. Mvua ya mashine ikanyesha. Sauti ikaita, ikaitikiwa. Nyingine ikaita. Kisha kimya kidogo, na ndani yake, mbali, polepole, sauti ya mwalimu anayeuliza swali ambalo darasa zima limeshindwa:

"Saa ya ukutani inatembea?"

Sista aliinua kichwa. "Nani wa kumjibu huyu? Kila Alhamisi anauliza saa, maskini." Akasogeza kinywa kwenye mashine. "Hakuna mtu hapa, à vous," akasema, yaani zamu yako.

Sufuria ilianguka. Sikumbuki mlango; nadhani nilipita dirishani. Nilishika kile kipaza sauti nikapiga kelele, "Inatembea! Inatembea!" na hakuna kilichokwenda, kwa sababu sikubonyeza kitufe. Sista akachukua kidole changu akakibonyeza juu yake.

"Inatembea, baba."

Mvua. Kisha sauti yake, ndogo. "Mama yako?"

"Anakuja. Anakuja na saa yako."

"Saa yangu?"

"Ya Bunia. Alisema weye huwezi kubadilisha."

Nilidhani amekatika. Mashine ilivuma tu, ndefu, bila neno. Sista akanionyesha taa ndogo nyekundu, akaniambia hajaenda: amebonyeza kitufe, anakaa nacho tu. Watu wote chumbani walisogea karibu, wakisikiliza mtu asiyesema.

"Mi niko na saa yake ku mukono," alisema mwishowe. "Sikuigusa hata kidogo."

Nikaelewa yote mara moja. Wangekuwa wakaidi kama siku zote, kila mmoja na saa yake, wangepishana kwa saa nzima. Na sasa kila mmoja alikuwa amekubali kushindwa, kimya kimya, bila kumwambia mwenzake, na wakapishana kwa saa ile ile.

Alisema atangoja. Watu wa upande wake walimpisha, na wa kwetu pia walipita mmoja mmoja na maswali yao ya kahawa na miguu, na kila mara, kati ya mtu na mtu, aliuliza, "Uko pale?" nami nilijibu, "Niko." Hatukuwa na jingine la kusema. Jua liliingia mlangoni likatambaa sakafuni mpaka likafika miguuni mwangu. Sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale, na nimekaa mahali pengi.

Mama alifika kwa wakati wake kamili. Alikuwa amejifunga kikwembe cheusi alichoazima kwa dada yake, na kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakunitazama; alitazama sakafu, kama mtu aliyekuja kumaliza kazi. Nilimwekea kipaza sauti mkononi. Alitaka kuuliza nafanya nini pale, na sauti ikamwuliza yeye:

"Saa ya ukutani inatembea?"

Mama alikaa chini, pale pale, juu ya saruji. Alivuta kitambaa usoni na mabega yake yakatikisika, na mtu mmoja akaanza kumwimbia Mungu kwa sauti ndogo. Kisha mama alijifuta, akabonyeza kitufe kwa nguvu kama anayemtoboa mtu jicho, akapaza sauti mpaka nje ya parokia.

"Nani alikutuma kufwata saa yangu? Mi nilikutuma? Maisha yote unaikataa, na leo vita inakufundisha adabu?"

"Na weye?" baba alisema. "Nani alikutuma kufwata ya kwangu?"

"Banataka kukulia matanga hapa! Maharagi iko ku moto!"

"Basi muyakule."

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Yule kijana, aliyekuwa amepokea zamu, akapiga meza akasema wengine wanangoja, wapatane haraka Alhamisi ijayo ni saa ngapi. Baba akasema saa nne ya kwenu. Mama akasema hapana, saa nne ya Bunia, baba ndiye anapita kwenye hatari, asibadilishe kitu. Baba akasema ameisha kubadilika, hawezi kurudi nyuma. Mama akasema mtu mkaidi kama yeye hajamwona duniani. Mashine ikazimwa wakiwa bado wanabishana.

Wageni wa matanga walikuja jioni, maana hapakuwa na namna ya kuwazuia, wakala maharagi, wakapewa habari, wakala tena. Mama alivaa kile kikwembe cheusi mpaka usiku kwa sababu hakuwa na kingine safi.

Hawakupatana kamwe. Kila Alhamisi baba alikuja kwa saa ya mama, na mama alikuja kwa saa ya baba, na hakuna aliyekubali kuachia. Kwa hiyo walinituma mimi. Nilikuwa nawahi, namwitikia baba, kisha nakaa naye ile saa nzima, kila mmoja wetu upande wake wa maji, tukimngojea mama.